Matunzo ya mtoto si kiingilio cha kumwona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo naliona likijirudia kila wasomaji wako wanapouliza maswali ya kisheria kuhusu watoto wao. Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupokea maombi ya malezi na matunzo, kuyasajili, kuyapangia tarehe na kuita majina ya wahusika mlangoni. Sikuwa hakimu wala wakili, na siandiki kama mmoja wao. Naandika kama mtu aliyesikia, kabla shauri halijafika mbele ya hakimu, yale ambayo wazazi husema wakiwa wamesimama dirishani na makaratasi mkononi.

Maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yalikuwa ya aina mbili. Baba alisema, "Amenizuia kumwona mwanangu, basi na mimi sitoi hata senti." Mama alisema, "Hatoi matumizi, kwa hiyo mtoto hamwoni." Kuna wiki ambazo wazazi wa mtoto mmoja walifika siku tofauti, kila mmoja na nusu yake ya kisa kile kile, na kila mmoja akiamini kwa dhati kwamba sheria inamruhusu kuzuia alichonacho mpaka mwenzake aachilie alichokizuia. Imani hiyo naiona hata leo katika maswali yanayoletwa gazetini, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sheria haikuyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 20, 1989, na ambao umeridhiwa na kila nchi mwanachama wa umoja huo isipokuwa Marekani, unayaweka katika vifungu vilivyo mbalimbali kabisa. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi mmoja au wote wawili ana haki ya kudumisha uhusiano nao na kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linakwenda kinyume na maslahi yake. Kifungu cha 27 kinazitaka nchi zichukue hatua ili matunzo ya mtoto yapatikane kutoka kwa wazazi wake, hata pale mzazi anapoishi nje ya nchi. Mwenye haki katika vifungu vyote viwili ni mtoto. Baba anayekataa kutoa ada hamkomeshi mama, na mama anayefunga mlango hamkomeshi baba. Wote wawili wanamtoza mtoto deni ambalo hakulikopa.

Swali linalofuata huwa ni hili: sasa mimi niliyezuiliwa nifanye nini? Njia ipo, na ni njia ya kawaida mahakamani. Mzazi asiyeruhusiwa kumwona mtoto anaomba amri inayotaja siku, saa na mahali pa kuonana, na kama amri ipo tayari lakini haifuatwi, anarudi mahakamani kuomba itekelezwe. Mzazi asiyepata matunzo anaomba amri ya matunzo, na kama imeshatolewa na haitekelezwi, anaomba kukaza hukumu, ambapo mahakama inaweza kuagiza fedha zikatwe katika mshahara au mali ikamatwe, kwa kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu. Maombi hayo yanaweza kuendelea wakati mmoja pasipo moja kulisubiri lingine. Niliwaona wazazi waliokaa miaka miwili bila kuchukua hatua yoyote kwa kuwa kila mmoja alingoja mwenzake aanze kutenda haki, na katika miaka hiyo miwili mtoto alivuka madarasa mawili.

Nisieleweke vibaya. Pale palipo na kipigo, ulevi unaohatarisha maisha, au dalili za mtoto kudhalilishwa, hakuna anayepaswa kumkabidhi mtoto ili tu amri ifuatwe kimaandishi. Mzazi mwenye hofu ya kweli aende polisi au kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, kisha aiombe mahakama isimamishe kuonana huko au iagize kufanyike mbele ya msimamizi. Tofauti kati ya mzazi huyu na yule anayezuia kwa hasira ni kwamba huyu anapeleka hofu yake mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuipima. Mahakimu huiona tofauti hiyo upesi.

Kuna pia karatasi za makubaliano zinazoandikwa sebuleni mbele ya wazee wa pande mbili. Nyingi ni nzuri, na mahakama hupenda kuzipa nguvu ya amri ikiona zinamfaa mtoto. Lakini niliwahi kupokea karatasi ambayo mama aliandika kwamba amesamehe matunzo yote ilimradi baba asimfuatefuate. Mama hawezi kusamehe kisicho chake. Matunzo ni ya mtoto, na mahakama haifungwi na makubaliano ya wazazi yanayomnyima mtoto riziki. Vivyo hivyo, baba anayedhani kwamba kiwango cha matunzo hupangwa kwa kutazama mfuko wake peke yake hana taarifa kamili: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kwa mfano, inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale anapoishi mtoto. Ndiyo maana niliwasihi wazazi waje na risiti za ada, dawa na pango la nyumba, kwa sababu hakimu hawezi kukadiria matumizi ambayo hayakuonyeshwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewaumiza watu wengi kwa sababu linasemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba mtoto akitimiza miaka saba "anakuwa wa baba". Nimewaona kina baba wakifika mahakamani wiki ya kutimiza miaka hiyo, wamekuja kuchukua mtoto kama mtu anayechukua mzigo uliowekwa rehani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inasema kitu kingine. Inaweka dhana kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Kisha inaitahadharisha mahakama isiyavuruge maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka kwa mlezi mmoja hadi mwingine. Hakuna neno linalosema kwamba siku ya kuzaliwa ya saba mtoto anahama. Baada ya umri huo dhana inaondoka tu, na linalobaki ni lile lililokuwa la kwanza tangu mwanzo, yaani maslahi ya mtoto mwenyewe, pamoja na matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa anaweza kuyaeleza, na mila za jamii yao.

Hesabu hiyo ya miaka saba ina historia inayostahili kukumbukwa. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1839, baba alikuwa na mamlaka karibu yote juu ya watoto wa ndoa, na mama aliyetengana na mumewe angeweza kunyimwa hata kuwaona. Mwandishi Caroline Norton, ambaye mumewe alimnyang'anya watoto wao watatu, alipigania mabadiliko mpaka bunge likapitisha sheria ya mwaka 1839 iliyomruhusu mama kuomba mahakamani akabidhiwe watoto walio chini ya miaka saba. Umri huo, basi, uliwekwa ili mama apate mlango wa kuingilia. Na hata katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo wasomaji wako wengi wanaifahamu, mtoto anapofikia umri wa kupambanua, ambao aghalabu hukadiriwa kuwa miaka saba, hupewa nafasi ya kuchagua akae na nani kati ya wazazi wake. Popote ninapoigeuza miaka hiyo saba siuoni mlango ambao baba anautumia kumchukua mtoto pasipo yeyote kuulizwa.

Hilo linaleta swali la mtoto kusikilizwa. Kifungu cha 12 cha mkataba niliokwisha kuutaja kinampa mtoto awezaye kuunda maoni yake mwenyewe haki ya kuyaeleza katika shauri linalomhusu, na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kuamua. Mtoto wa miaka tisa habebeshwi mzigo wa kumchagua mzazi mmoja na kumkana mwingine, na hakimu mwenye busara humwuliza shule ikoje, nani humwamsha asubuhi, nani hukaa naye akiugua, akiwa naye faraghani au kwa kupitia afisa ustawi wa jamii. Majibu ya maswali hayo hueleza mengi. Nawasihi wazazi kwa moyo wangu wote wasiwafundishe watoto maneno ya kusema. Nakumbuka mtoto mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, akirudia kwa sauti ndogo sentensi aliyokaririshwa, akaanza upya kila alipokosea. Sikujua ni mzazi gani aliyemfundisha, na mpaka leo sijali ni yupi.

Wapo wanaouliza kuhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na wengi wao huuliza kwa aibu isiyo ya lazima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imelijibu jambo hili kwa sentensi ambayo natamani ingebandikwa katika kila baraza la mahakama: mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Baba akikana, mahakama inaweza kuelekeza kipimo cha vinasaba, na jambo likaisha. Bibi, babu, shangazi na mjomba wanaomlea mtoto wasikate tamaa pia, kwa kuwa katika nchi nyingi ndugu anayemtunza mtoto anaruhusiwa kuomba malezi au kuomba kumwona.

Swali la mzazi kuondoka na mtoto kwenda nchi nyingine bila idhini ya mwenzake sasa linaulizwa zaidi ya zamani. Upo Mkataba wa The Hague wa Oktoba 25, 1980, unaohusu watoto walio chini ya miaka 16 waliochukuliwa kinyume cha sheria, nao unafanya kazi kati ya nchi zilizojiunga nao tu. Shabaha yake ni kumrudisha mtoto katika nchi alikozoea kuishi ili mahakama za huko ziamue malezi. Wenyewe hauamui nani amlee. Mzazi mwenye shauri la namna hii asikawie, kwa maana ombi likifunguliwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtoto achukuliwe, sababu za kukataa kumrudisha huwa chache sana, na muda huo ukishapita mahakama hutazama pia kama mtoto amekwisha kuzoea makazi mapya.

Kuhusu vijana wa miaka 16 au 17 wanaouliza kama wanaweza kuhama nyumbani, jibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, ingawa mamlaka ya mzazi kwa kawaida hayakatiki kwa mkupuo siku ya kutimiza miaka 18. Hupungua kadiri mtoto anavyokomaa. Katika shauri la Gillick la mwaka 1985, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo ilikubali kwamba hata aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe ikiwa ana uelewa wa kutosha. Kijana anayeuliza swali hilo, hata hivyo, ningependa kwanza aulizwe anakimbia nini.

Jambo moja zaidi ambalo wazazi hulisahau wakiwa na uchungu wa hukumu: amri ya malezi au ya matunzo si ya milele. Mzazi akipoteza kazi, akihama, akiugua, au mtoto mwenyewe akibadilika mahitaji, inaombwa irekebishwe. Kosa ni kujirekebishia mwenyewe kwa kupunguza fedha au kufuta siku za kuonana bila kurudi mahakamani, kwa sababu malimbikizo huendelea kuhesabiwa, na kupuuza amri kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuidharau mahakama.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwanasheria anayewajibu wasomaji katika gazeti lako awatenganishie mambo haya mawili kila yanapoletwa kwa pamoja: ajibu la matunzo kivyake na la kumwona mtoto kivyake, na amwulize mwulizaji kama tayari ipo amri ya mahakama na inasemaje, kabla ya kumwambia lolote kuhusu haki yake. Ningefurahi zaidi kama majibu hayo yangechapishwa katika wiki za mwisho kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa hizo ndizo wiki ambazo foleni ya dirishani kwangu ilikuwa ndefu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Wako mwaminifu,
Karani mstaafu wa mahakama