Mwezi Umeandama, Sahani Zitembee

Assalamu alaykum ndugu zangu, wanangu na wajukuu zangu, mlio karibu na mlio mbali. Idi mubaraka. Mwezi umeandama, na hapa kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna aliyetulia. Redio ilikuwa wazi tangu magharibi. Mufti hajamaliza kutangaza, watoto wameshatoka barazani wako barabarani, wanashangilia kana kwamba mwezi ni wao peke yao. Vitunguu vya pilau nimemwachia mkwe wangu, nikaomba nusu saa nikae niwaandikie salamu hizi.

Nina neno kuhusu sahani.

Nina mjukuu wa kike wa miaka saba. Namwita mke mwenzangu, maana tangu ajue kusema anadai Babu ni mume wake, mimi nimemkuta tu. Ramadhani hii nilimkabidhi kazi ya kupeleka futari kwa majirani. Kila jioni natia muhogo wa nazi kwenye bakuli, kaimati kwenye sahani, nafunika kawa, naye anatoka anakwenda taratibu, macho hayabanduki kwenye sahani. Siku ya tatu akarudi na shira kidevuni.

"Mke mwenzangu, kaimati zimefika?"

"Zimefika, Bibi."

"Zote kumi na mbili?"

Akafikiri kidogo. "Kumi na moja zimefika. Moja ilitaka kuanguka, nikaiokoa."

Nikamkumbusha kwamba adhana bado. Akanijibu kuwa saumu yake iliisha adhuhuri, na kesho atafunga nusu nyingine aziunge, iwe siku moja kamili. Babu yake alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Tangu siku hiyo nikawa naweka kumi na tatu. Ile ya kumi na tatu ni ya njiani.

Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo mnalijua. Ya kwetu imerudi na ndimu, imerudi na visheti, siku moja imerudi na mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Msambaa, Mkristo, alinirudishia ndizi zilizoletwa na nduguze kutoka Lushoto. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani vilianza wiki moja, katikati ya Februari, basi tukawa tunaulizana asubuhi, "Mama, umeamkaje na funga?" Yeye bado yumo, Pasaka yake ni Aprili. Sahani yake ya kesho nimeshaitenga.

Idi ya Machi namna hii, joto la mwisho la kaskazi, masika yakibisha hodi, inanirudisha mwaka 1993. Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Nimefunga wakati wa mvua, kuni hazishiki moto. Nimefunga kipupwe cha Julai, daku unaila umejifunga kanga mbili. Imezunguka majira yote, na baada ya miaka 33 imerudi pale pale. Hata Kwaresima mwaka ule ilianza nayo wiki moja. Wakati huo jiko lilikuwa la mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, na aliyebeba sahani ni mama yake huyu mke mwenzangu, naye ana miaka saba. Sahani moja ya bati, yenye maua ya buluu ukingoni, bado tunayo. Imebanduka rangi pembeni, lakini haivuji. Juzi nilimtazama mtoto akitoka nayo mlangoni nikamwona mama yake, mwendo ule ule, bega la kulia limeinuka kidogo. Nilishindwa kusema, nikajifanya nachochea makaa.

Kuna jioni ya kumi la mwisho ambayo sitaisahau. Mtoto alirudi na sahani bado imefunikwa. "Bibi, yule bibi wa nyumba ya tatu amesema hana njaa. Na taa hajawasha." Huyo ni mtu mzima mwenzangu, anaishi peke yake. Asubuhi yake nilikuwa nimemtumia salamu kwa simu, ua na dua, nikajua nimemjulia hali. Nikavaa baibui nikaenda. Nilimkuta na homa ya siku mbili, simu imezima, na hakutaka kumsumbua mtu kwa sababu watu wamefunga. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Amepona, alhamdulillahi, na muda huu ninaoandika yuko kwenye mkeka ukumbini kwangu anawapaka watoto hina, anawakemea wasichezeshe vidole.

Aliyemwona ni mtoto wa miaka saba mwenye sahani. Simu yangu haikumwona. Ndiyo maana nawaomba, wanangu, kesho mkishatumiana picha zenu za mwezi na nyota, na nazipenda, nitumieni, mpeni mtoto sahani aende nayo mlango wa pili na wa tatu. Mtu mzima asimbebee. Mwacheni aingie, asalimie, aone kama taa inawaka.

Zaka ya fitri tulipima jana. Babu alikaa na kibaba na gunia la mchele, vibaba vinne kwa kila kichwa, ndiyo pishi, akawaeleza watoto kwamba hata kitoto kichanga cha mwanangu mdogo kinatolewa chake. Mjukuu wangu wa kiume, ambaye ndiye mume wangu mimi, akauliza, "Na paka?" Babu akasema paka hatolewi. Hakuridhika. Baadaye tukamkuta kwenye kona, amempimia paka mchele wake kwenye kifuniko cha chupa, anamngoja ale.

Salamu zangu ziwafikie na nyote mnaoila Idi hii na pengo nyumbani, mliozoea kumwamsha mtu daku na mwaka huu hayupo. Nawaombea kwa majina. Walio kazini kesho, wauguzi, madereva, walinzi, wavuvi walioko baharini, Mungu awarudishe salama pilau ikiwa bado ya moto. Walio Tanga, milango yetu mnaijua. Idi pili tutawapeleka watoto Raskazone wakaone bahari na wachafue nguo mpya.

Kullu amu wa antum bikheri.

Naishia hapa, mkwe wangu ananiita kuonja chumvi. Mwanangu wa Dar es Salaam amepiga simu, basi limepita Segera. Atafika wenzake wote wamelala. Mke mwenzangu ameshalala kweli, mikono imefungwa vitambaa ili hina ishike, na ameniapisha kwamba sahani ya mjomba wake ataipeleka yeye asubuhi kabla hatujaenda kuswali. Nimeitayarisha ile ya maua ya buluu, nimefunika kawa. Kaimati kumi na tatu.