Barua kuhusu seli zinazokula mfupa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwa nini mwili usiziondoe osteoklasti zote, maadamu ndizo zinazoukula mfupa. Jibu ni kwamba seli hizo hazijizukii. Huitwa, na miongoni mwa wanaoziita ni wale wale wajenzi wa mfupa.

Osteoklasti hutokana na seli changa za uboho, za ukoo mmoja na makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu. Ili seli hizo ziishi na kuongezeka huhitaji kwanza protini ya M-CSF. Panya wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake huwa na osteoklasti chache mno, na mifupa yao hujaa hadi nafasi ya uboho ikabanwa. Kisha yahitajika protini ya pili, RANKL, inayotolewa na osteoblasti, yaani wale wajenzi wa mfupa, na, kwa wingi zaidi, na osteosaiti zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe. RANKL ikikishika kipokezi chake, RANK, protini ya TRAF6 hukusanyika upande wa ndani wa utando na kuupitisha ujumbe hadi kwa NF-κB na c-Fos, protini zinazowasha jeni, nazo huiandalia njia mwenzao NFATc1, ambayo mimi huiita nyapara wa kazi yote. Kalsiamu hupanda na kushuka ndani ya seli, kimeng'enya cha kalsinyurini huivua NFATc1 fosfeti zake, nayo huingia katika kiini na kuwasha jeni za kuyeyusha mfupa, ikiwemo jeni yake yenyewe.

Nimelitazama jambo hili kwa hadubini. Mwanzoni huona seli ndogo za duara, kila moja peke yake. Baada ya siku kadhaa za kupewa M-CSF na RANKL, zimeshaungana kuwa seli pana yenye viini vingi, ambayo ukiitia rangi ya kutambua kimeng'enya cha TRAP, ambacho ni alama ya osteoklasti, hugeuka rangi ya damu ya mzee. Sijawahi kuchoka kuitazama.

Mwili, hata hivyo, una hila yake. Protini ya OPG, iliyotangazwa mwaka 1997, ni kipokezi cha uongo kinachoinasa RANKL kabla haijafika kwa RANK. Panya wasio na OPG hupata mifupa dhaifu, hivyo linaloamua ni uwiano wa OPG na RANKL, nao huelemea upande wa RANKL estrojeni inapopungua baada ya ukomo wa hedhi. Dawa ya mifupa iitwayo denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 na kudungwa kila baada ya miezi 6, huiga hila hiyo hiyo. Lakini mgonjwa akiiacha pasipo dawa ya kuifuatia, osteoklasti hurudi kwa kishindo, na pingili za uti wa mgongo zaweza kuvunjika.

Kuziondoa kabisa, basi, kungekuachia mfupa mnene lakini mwepesi kuvunjika, kwa kuwa hapangekuwa na wa kuifukua sehemu iliyochakaa ili mpya ijengwe. Iwapo habari ya kalsinyurini imekutatiza, niandikie, nami nitakuchorea.

Wako akupendaye