Barua kwa mwanangu: jino linavyosema lililiwa nini

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza tunawezaje kujua alichokula mtu aliyekufa zaidi ya miaka milioni iliyopita, wakati wewe hukumbuki ulikula nini wiki jana. Kazi yangu yote imekuwa meno ya watu wa kale, basi nivumilie nikujibu kwa kirefu. Wengi hulijibu swali hili kwa mkato, na hapo ndipo wanapopotosha.

Tuanze na fuvu alilolipata Mary Leakey kwenye korongo la Olduvai, Tanzania, mwaka 1959. Ndiye Zinjanthropus, ambaye siku hizi huitwa Paranthropus boisei, mwenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Magego yake ni makubwa ajabu, enameli yake, lile tabaka gumu la nje ya jino, nene, na utosini ana ukingo wa mfupa uliokuwa ukishikilia misuli ya taya. Waliomtazama wakasema huyu kazi yake ilikuwa kuvunja kokwa. Akaitwa Mvunja Kokwa, na jina likamganda kwa karibu miaka 50.

Lakini umbo la jino linakueleza mwenye jino aliweza kula nini, si alikula nini. Kwa hilo la pili lazima utazame uso wa jino kwa karibu. Unalisafisha taratibu, unamimina juu yake silikoni laini kama ile ya daktari wa meno, unangoja igande, unaibandua, kisha unajaza gundi ngumu ndani ya umbo lililobaki. Unapata nakala yenye kila mkwaruzo. Ukiiweka chini ya hadubini, aliyezoea kuvunja vitu vigumu utamwona ana vishimo vingi, na mla majani ana mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walitoa matokeo ya magego ya boisei 7. Vile vishimo walivyotarajia havikuwepo.

Je, kesi imekwisha? Hapana. Mikwaruzo mipya hufuta ya zamani, kwa hiyo inasimulia siku za mwisho za uhai tu. Huenda kokwa zililiwa msimu mwingine. Ndiyo maana mimi huipenda kaboni. Nyasi za nchi za joto, ukoo mmoja na mahindi na miwa, hubaki na kaboni-13, aina nzito ya kaboni, nyingi kuliko miti na vichaka. Anayekula mimea hiyo huibeba mwilini, na enameli yake inayojengeka utotoni huihifadhi kwa mamilioni ya miaka. Unakwangua unga kidogo sana wa jino na kuupima. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 77 ya chakula cha boisei ilitokana na mimea ya aina hiyo, nyasi au mafunjo. Jina la Mvunja Kokwa likaporomoka.

Naitrojeni nayo ina habari zake: kila ngazi kutoka mmea hadi mla mmea hadi mla nyama, naitrojeni-15, ile aina nzito, hupanda. Kwa kawaida huipima kwenye kolajeni, yaani protini ya mfupa, nayo huoza, hasa penye joto, kwa hiyo kwa Zinjanthropus njia hiyo haifiki.

Halafu kuna ukoga, huo unaogandia karibu na ufizi. Ukigeuka jiwe, hufungia chembe za wanga ndani yake. Kwenye meno ya Neandertali, watu wa kale wa Ulaya na Asia, wa pango la Shanidar, Iraki, zilikutwa chembe za wanga wa nafaka za porini, na baadhi zilikuwa zimeharibika kama wanga unavyoharibika ukipikwa. Habari hiyo ilinifurahisha sana. Ila hapa tunaogopa hata glavu zetu, maana za unga huwa na wanga wa mahindi, na chembe moja ikidondoka umempikia Neandertali chakula ambacho hakukijua.

Nimeliacha mwisho lile linalonigusa kama mama. Maziwa ya mama huacha madini ya bariamu kwenye jino linalokua, na mtoto akiachishwa ziwa hupungua. Mwaka 2013 watafiti walilisoma jino la mtoto wa Neandertali kutoka pango la Scladina, Ubelgiji. Alinyonya bila chakula kingine kwa miezi 7, akachanganyiwa kwa miezi 7 mingine, kisha ziwa likakatika ghafla. Kwa nini ghafla? Jino halisemi. Nami kila nikiyasoma hayo humfikiria mama yake.

Jino lako la kwanza kung'oka bado ninalo, kwenye kile kikopo cha vifungo. Ndani yake mna mstari mwembamba wa siku uliyozaliwa, na baada yake miezi ya kwanza niliyokunyonyesha. Kuuona lazima jino likatwe, na mimi sijathubutu. Ukija likizo utaamua mwenyewe.

Mama yako