Asante, kaka wa Leucate

Kaka uliyetusaidia kwenye maegesho ya barabara ya A9, karibu na Leucate, Ufaransa: jina hatulijui, asante sana. Uliinama kwenye tairi la nyuma la gari letu la kusafiria na kulala (motorhome) ukatuonyesha nyufa ubavuni na tarakimu nne, 2316: limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2016. Kashata (meno ya tairi) ilikuwa bado nene, lakini mpira umezeeka. Jua na kuegeshwa miezi mingi ndivyo huuchosha. Ukafunga spea, nati ukazikaza kwa mkingamo, ukasisitiza zikazwe tena baada ya kilomita 50. Maji ya tangini ukayamwaga nje kupunguza uzito, maana lita 100 ni kilo 100, na gari lenye kikomo cha uzito cha kilo 3,500 hukifikia upesi kuliko unavyodhani. Na ule upepo mkali wa huko, Tramontane, loo! Tumefika salama. Watoto wanakusalimu.