Mume wangu anaona kuuliza ni kujishusha

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Isongole, wilayani Rungwe, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Si mlevi, si mgomvi, watoto wanasoma. Ila haulizi. Akiambiwa jambo asilolijua anaitikia "naam, naam", kisha anakwenda kulifanya kwa kubahatisha.

Msimu uliopita alinunua viazi vya mbegu kwa mtu barabarani. Hakuuliza vimetoka shamba gani, wala kama shamba hilo liliwahi kupata mnyauko. Kwa macho vilikuwa vizuri, na ndivyo ugonjwa huo ulivyo, kiazi kinaweza kuwa nao kisionyeshe dalili yoyote. Mimea ikanyauka ingali mibichi. Jirani ndiye aliyetufumbua macho: alikata shina, akalining'iniza kwenye glasi ya maji, ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Mnyauko unakaa udongoni, kwa hiyo kipande kile sasa tunapanda mahindi. Kituo cha utafiti cha Uyole unafika kwa gari moja tu. Nilipomwambia twende tukaulize habari za mbegu safi, alisema hawezi kufundishwa kulima na watoto wa juzi.

Hilo la shamba nimelimeza. Linalonikosesha usingizi ni la kanisa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na tunakaribia kupaua. Fundi ameleta makisio, nimeyaona mezani kwetu: mbao za kenchi zimeandikwa idadi na bei, basi. Hayasemi kama zimetiwa dawa, na mbao za misindano zisizo na dawa wadudu hawaziachi. Nilimuuliza. Akasema, "Unanihoji kama polisi?" Hizo ni sadaka za watu, mshauri. Wengine wametoa debe la viazi kwa kuwa hela hawana.

Tukibishana hukimbilia Biblia. Ananiambia Zakaria alimuuliza malaika swali akawa bubu. Nikamwambia asome mbele kidogo, sura hiyo hiyo: Mariamu naye aliuliza, "Litakuwaje neno hili?", na akajibiwa vizuri tu. Akacheka, akasema ndiyo maana wanawake tunauliza sana. Nikamkumbusha kwamba Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Hapo akawasha redio.

Cha ajabu, yeye ndiye aliyetufundisha kitabu cha Yoshua kwenye ibada ya nyumbani, jinsi Wagibeoni walivyokuja na mikate iliyoingia koga na viatu vyenye viraka, Waisraeli wakafanya nao agano bila kutaka shauri kwa Bwana. Alifundisha vizuri kweli. Mimi nilikuwa namtazama tu.

Nadhani najua kinachomsumbua. Hakumaliza shule ya msingi, na kwenye kamati kuna walimu wawili na bwana shamba mstaafu (ambaye angetueleza habari za mnyauko bure kabisa, lakini hilo tuliache). Anaogopa akiuliza watasema mwenyekiti hajui kitu. Ndiyo maana sitaki kumsemea mbele yao, wala kupitia kwa mchungaji, maana akijua ataona nimemvua nguo.

Kamati inatia saini mwisho wa mwezi. Nimefikiria kumkaribisha fundi chai nyumbani, niulize mimi habari za dawa ya mbao kama udadisi wangu tu, mume wangu akiwepo asikie jibu. Dada yangu anasema hiyo ni hila, kwamba paa litapona lakini mwenye nyumba atabaki vilevile. Je, nifanye hivyo, au nikae naye faragha nimwambie waziwazi kabla siku hiyo haijafika? Na nikimwambia, nianzie wapi ili asione namhoji tena?

Mama watoto,
Isongole, Rungwe