Sigara mlangoni kwa vijana

Mhariri, mi naunga mkono halmashauri kupiga marufuku sigara kuuzwa karibu na shule, ila wanapima umbali kutoka wapi jamani, getini au kwenye ukuta? Maana muuzaji anasogeza meza hatua chache tu keshakuwa halali. Na vijana hawakai shule tu, wako viwanja vya mpira, stendi, kumbi za gemu, huko hakuna anayeuliza umri. Halafu hii ya kuuza moja moja ndo inawamaliza, pakiti nzima mtoto hawezi kununua ila kipande anapata, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2003 wa kudhibiti tumbaku, kifungu cha 16, ulishaligusa hilo. Wanaokaidi wanyang'anywe leseni, faini wanalipa wanaendelea kuuza.