Shukrani kwa Muuguzi wa Wanyama Tusiyemjua Jina

Kwa niaba ya familia yangu, natoa shukrani za dhati kwako, dada muuguzi, kwa jinsi ulivyotuhudumia hapa Uingereza paka wetu alipougua limfoma (saratani ya chembechembe za kinga ya mwili) ya koo la hewa. Daktari alikuwa ameshakata sehemu yenye uvimbe na kuziunganisha ncha zilizobaki, lakini wewe ndiye uliyetufafanulia, bila haraka, kwamba saratani hiyo huweza kujificha kwingine mwilini, ndiyo maana baada ya upasuaji hufuata dawa za kuua saratani, vinkristini na siklofosfamidi. Ulinifundisha kuhesabu pumzi zake akiwa amelala, nipige simu zikizidi 30 kwa dakika, na kuvaa glavu ninapozoa mchanga wa choo chake, kwa kuwa dawa hizo hutoka na mkojo na kinyesi. Ulitueleza pia kwamba manyoya ya paka kwa kawaida hubaki, ila sharubu huweza kudondoka. Tulipouona unywele wa kwanza wa sharubu juu ya mto wa kulalia, hatukushtuka. Hukutuahidi kwamba angepona, na ukweli huo, uliousema kwa upole, nauthamini kuliko yote. Leo anapumua bila kukoroma. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema.